Robine ya Songo na Hesabu ya Vichwa

Jumatatu, 6 Aprili 1964

Habari kubwa! Nimeinasa sokoni kabla ya mtu mwingine yeyote wa Songo, na sitaimwaga ovyo. Umoja wa Mataifa umetangaza Muongo wa Maendeleo. Miaka kumi mizima ya kupunguza umasikini duniani. Nchi zote zimeinua mikono huko New York na kukubali. Muongo wenyewe ulianza zamani, ila sisi Uvira ndiyo kwanza tunaambiwa. Kawaida yetu.

Mtaalamu wao anafika wiki hii. Ana mabomba ya kuteremsha maji kutoka mlimani, na robine moja ya kufungulia maji. Moja! Mtaa utakaoonekana masikini kuliko mwingine ndio utakaoipata, pamoja na Komite ya Maendeleo, na prezida wa Komite atapewa baiskeli. Mitaa inayoshindana ni miwili: Songo, kwetu, na Nyamianda, kwa Kasongo. Kasongo ni binamu yangu. Mfanyabiashara wa ndagala wakavu, mtu wa kujivuna, ananuka samaki mpaka siku ya Idi. Huyo apande baiskeli mbele yangu? Thubutu!

Mimi Halidi nilikuwa karani wa pamba huko bondeni enzi za Wabelgiji. Nilishika mizani. Uhuru ulipokuja wenye pamba wakaondoka, na tangu hapo nauza chumvi na viberiti mlangoni kwangu. Akili hii yote inaozea kwenye viberiti.

Lakini si baiskeli tu. Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Aziza, mke wangu, ana mimba kubwa. Mwaka jana aliteleza kwenye mteremko wa mtoni akiwa na ndoo kichwani, na mtoto tukampoteza. Sitaki kukumbuka sura yake siku ile. Robine lazima ije Songo. Na ikija Songo, mlangoni kwangu ndiyo mahali pazuri kabisa.

Mama mkwe, Bi Kadija, ameuliza kwa nini nisimchotee mke wangu maji mimi mwenyewe mpaka ajifungue. Amesema eti mabega yangu yamekaa bure tangu uhuru. Nimemweleza kwa upole kwamba mwanaume wa Songo habebi ndoo kichwani mchana watu wakimwona. Akasema basi nichote usiku. Nikamjibu usiku kuna giza. Mwanamke huyu hajui kujadiliana.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemtembelea mwalimu Ezechiel. Ni mtu wa milimani, Mprotestanti wa kweli kweli, anafundisha shule ya misheni na wikendi anapanda kwenda kuona ng'ombe wa baba yake. Amechaguliwa kuwa mkalimani wa mtaalamu. Mtu mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: hasemi uongo. Hata mdogo. Nimejaribu kumzoeza, hazoeleki.

Nimemuuliza huyu mtaalamu anapimaje umasikini. Akanieleza. Wanachukua mali yote inayoingia nyumbani, wanaigawanya kwa idadi ya vichwa. Kinachoangukia kila kichwa kikiwa kidogo, basi hapo pana umasikini. Ezechiel alitikisa kichwa. Alisema kwao milimani wangehesabu ng'ombe na kumaliza, na pia kwamba hesabu hiyo haina mahali pa kuandika kwamba mtu ana jirani mwema. Sikumsikiliza tena. Akili yangu ilikuwa imeshapaa!

Kugawanya kwa vichwa! Kugawanya nakujua, nilikuwa karani wa pamba! Mali ikibaki ile ile na vichwa vikiongezeka, kila kichwa kinaambulia patupu. Basi sina haja ya kuwa masikini zaidi. Nina haja ya vichwa!

Na vichwa ninavyo. Mama yangu alikuwa mtu wa Lubarika, kule bondeni. Mjomba Kashindi bado analima mpunga huko, na ana wake, watoto, wakwe, wajukuu, kijiji kizima. Wote ni wembamba, kwa sura wanafaa sana. Nimemwagiza dereva wa lori: mjomba aje na watu wote anaoweza kuwakusanya, wafike Ijumaa, ni jambo la heshima ya ukoo.

Nilipita kwa mama mkwe nikijisikia mrefu. Ameniuliza nacheka nini.

Jumatano, 8 Aprili

Siku ya kuficha mali. Saa ya ukutani nimeipeleka kwa jirani yangu mshonaji, Bwana Sévère. Kitanda cha chuma kwa wajane wa nyumba ya pili. Sinia la shaba, zulia, birika, vyote nimevitawanya mtaani. Nyumba sasa inatoa mwangwi. Nimekaa katikati nikajihurumia hadi machozi kunilengalenga. Safi sana.

Nikawakusanya wenye nyumba wa Songo, nikawapa maagizo. Mgeni akija, hakuna kuvaa vizuri. Hakuna kupika. Hakuna kucheka kwa sauti. Watoto wasioge. Wote wakaitikia vizuri, wakaniangalia kwa macho ya huruma, wakatawanyika. Bi Kadija peke yake alibaki. Alitaka kujua kama mgeni huyu anatoka mbali. Nikasema ng'ambo ya bahari. Akauliza kama nimetaka kweli mutu atoke ng'ambo ya bahari, afike kwa binti yake, akalie udongo na kuondoka na njaa. Nikasema ndiyo, ndiyo maana yenyewe ya maendeleo. Akasema, "Weye Halidi, uko na kichwa ya bure," akaenda zake.

Mchana nikampiga Kasongo pigo la pili. Nilimkuta sokoni, nikamvuta pembeni kama ndugu. Nikamnong'oneza kwamba nimesikia kwa mkalimani mwenyewe: mtaalamu anawachukia watu wachafu, robine ataipeleka mtaa uliokwisha kuendelea, wenye nyumba zinazong'aa. Macho yakamtoka! Akanishukuru. Akanipa ndagala, kikombe kizima, bure. Nimewala kwa raha sana.

Alhamisi, 9 Aprili

Kasongo amenunua chokaa! Ameinunua yote iliyokuwa dukani. Anapaka nyumba yake nje na ndani, na ameweka mapazia ya maua. Mke wake, Concilie, mwanamke mkali wa kutoka ng'ambo kule Burundi, amegombana naye njiani watu wakisikia. Yasemekana pesa ya chakula yote imekwenda kwenye chokaa, na sufuria zake zinalia njaa. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jirani nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Binamu yangu masikini. Atang'aa mpaka robine impite.

Aziza alirudi kutoka mtoni amechelewa. Alikuwa ameketi njiani kupumzika mara kadhaa. Miguu imemvimba. Nimemwambia avumilie, wiki ijayo atafungua maji kwa vidole viwili. Ametabasamu kidogo, akaniambia ameshachoka na wiki ijayo zangu. Imeniuma. Mtu anamhangaikia hivi, halafu anaambiwa hivyo.

Ijumaa, 10 Aprili

Balaa! Balaa!

Nimetoka msikitini nikakuta lori limesimama mbele ya nyumba. Vichwa vilikuwepo, sikatai. Vichwa vilikuwa vingi kupita ndoto zangu. Mjomba Kashindi mbele, wake zake nyuma, mabinti, wakwe, watoto wa mgongoni. Nilitaka kurukaruka. Halafu nikaona wanaanza kushusha.

Mpunga. Magunia ya mpunga! Mihogo. Mikungu ya ndizi. Kuku wakining'inia miguu juu. Mafuta ya mawese kwenye chupa. Na mbuzi! Mbuzi mnene, mweupe, mwenye kengele!

Nikamuuliza mjomba hii ni nini. Akanishangaa. Akasema, "Sasa miye nije kwa mutoto wa dada yangu mikono mitupu? Miye ni mwizi?" Akasema niliposema ni jambo la heshima ya ukoo, kila nyumba ya Lubarika ilileta chake. Nikamwambia warudishe mbuzi kwenye lori. Uso wake ukabadilika. Nilielewa kwamba nikirudia neno lile hatakanyaga tena kwangu, na labda atanipiga kwanza. Nikamshukuru kwa mbuzi.

Sasa hesabu yangu imekufa. Vichwa vimeongezeka, lakini kila kichwa kimekuja na gunia lake! Nimejaribu kugawanya upya mara nyingi. Kila nikigawanya tunazidi kuwa matajiri.

Nimejaribu kuficha magunia kwa majirani. Majirani wamekataa. Wamesema zamu yao ya kunisaidia wameshaipanga na Bi Kadija. Nimeuliza wamepanga nini. Wamecheka tu.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika kwa hasira.

Asubuhi niliamka nikakuta saa yangu ukutani. Kitanda ndani. Zulia limetandikwa. Sinia la shaba limesuguliwa kwa majivu mpaka linakuonyesha uso wako. Na si vyangu tu! Viti vya Bwana Sévère. Vikombe vya wajane, vile vyenye mstari wa dhahabu. Mashuka ya watu, mito ya watu, hata picha ya harusi ya watu nisiowajua vizuri imetundikwa sebuleni kwangu. Songo nzima ilikuwa imemwaga mali yake nyumbani mwangu! Bi Kadija alisimama katikati akiamuru. Nikamwambia ameniua. Akanijibu kwamba mgeni anakuja kwa binti yake, na mtaa hauwezi kuaibika kwa sababu mume wa binti yake ana wazimu.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Ndipo gari likafika. Akashuka Mzungu mrefu mwekundu, nikamkimbilia, nikainama, nikamkaribisha kwa Kifaransa changu chote. Akanionyesha kwa kidole mlango wa pili. Yeye dereva tu! Mtaalamu ni mtu mweusi kama mimi, mnene kidogo, tai shingoni, jasho tele. Anatoka Haiti, kisiwa cha mbali ambako watu weusi waliwafukuza mabwana zao Wazungu zamani sana na wanasema Kifaransa kizuri kuliko cha padri. Kashindi alimwangalia, akamwambia kwamba uso wake ni wa watu wa Lubarika kabisa, na kwamba lazima babu yake alipotea kutoka kwetu. Mtaalamu alipotafsiriwa alimshika mjomba mikono miwili, akakataa kuiachia. Tokea hapo hapakuwa na mtihani tena. Palikuwa na sherehe.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilikaa mbele yake nikakunja uso, nikasema nyumba hii hatujala tangu juzi. Ezechiel akatafsiri neno kwa neno. Wakati huo huo mke mkubwa wa mjomba akaweka mbele ya mtaalamu sahani ya pilau yenye mguu wa mbuzi. Mtaalamu akamuuliza Ezechiel jambo. Ezechiel akajibu kirefu, kwa utulivu. Nikamuuliza amesema nini. Akasema aliulizwa kama ni kweli hatujala, naye akajibu kwamba jana jioni alikunywa chai na maandazi hapa hapa, na yalikuwa mazuri. Nikamuuliza kwa nini ananimaliza. Akaniambia amenitafsiri vizuri na hakupunguza hata neno, ila alipoulizwa yeye ilibidi ajibu yeye.

Nikajaribu maji. Nikasimama, nikapaza sauti, nikasema wanawake wa hapa wanakufa kwa kiu na mteremko. Mtaalamu akataka kuona mitungi. Tukaenda uani. Yote imejaa! Mitungi, ndoo, masufuria, hata karai la kufulia, maji yamefika ukingoni. Wanawake wa Lubarika walikuwa wameshuka mtoni kabla ya jua kali, kwa sababu mgeni wa kike anayekaa bure nyumbani kwa watu anasemwa mwaka mzima. Nikasema basi amwangalie mke wangu, amwone anavyoteseka. Tukamtafuta Aziza. Alikuwa kivulini, juu ya mito ya jirani, miguu juu ya kigoda, mmoja akimpepea na mwingine akimsuka nywele. Siku hiyo walikuwa wamemkatalia kugusa kitu chochote.

Niseme ukweli mwingine. Sijamwona na uso ule tangu mwaka jana. Alikuwa anacheka. Nilisimama pale nikasahau kwa muda mfupi nilikuwa namtafutia nini.

Halafu nikakumbuka, nikamnong'oneza ajikunje na kuugulia. Akaniambia kwa sauti ya juu niache upuuzi.

Mtaalamu alikula mara mbili. Alilegeza mkanda wake tundu moja. Alipokuwa anaondoka, wakampakilia kuku wawili na gunia la mpunga kwenye gari. Umoja wa Mataifa umekuja kupunguza umasikini wa Songo na umeondoka na mpunga wetu!

Jumapili, 12 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya Nyamianda. Nilijituliza kwa kufikiria chokaa ya Kasongo. Nilijua mtaalamu ataiona ile nyumba nyeupe na kushika kichwa, atasema hawa nao ni matajiri, na labda robine itarudi kwenye mizani. Mshonaji Sévère alikwenda kutazama, akarudi na habari. Nimezisikiliza nikiwa nimelala chali.

Kasongo alimpokea mtaalamu mlangoni akiwa amevaa kanzu mpya, akamwonyesha kuta. Mtaalamu akagusa ukuta, mkono ukawa mweupe. Akakaribishwa ndani. Mapazia, basi. Hakuna chai, hakuna tunda, hakuna kitu! Kasongo akapiga makofi kuita chakula. Akatoka Concilie. Hakuwa na chakula, alikuwa na ndoo. Akaiweka mbele ya mtaalamu na kuongea mfululizo, na Ezechiel, yule mkweli, akatafsiri kila neno. Kwamba mume wake amekula chokaa. Kwamba watoto wamelala na uji mwepesi. Kwamba kama bwana mkubwa anataka kujua maji yako mbali kiasi gani, ndoo ile pale, na njia ile kule.

Na mtaalamu akaichukua! Akavua koti, akalegeza tai, akashuka mpaka ziwani, akajaza, akaiweka kichwani mwenyewe. Nyamianda nzima ikamfuata. Alipanda akiteleza, maji yakimwagika shingoni, alisimama njiani mara nyingi, alifika na nusu ndoo na viatu vimejaa matope. Wanasema aliketi kizingitini kwa Kasongo. Halafu akaomba maji ya kunywa, wakampa yale yale aliyoyabeba. Jioni tumbo likamshika.

Bi Kadija alikuwa anasikiliza mlangoni. Aliuliza, bila kumtaja mtu, kama ile tai ilimzuia kubeba. Nikamwambia kwamba ni aibu tupu. Mwanaume mzima, msomi, anabeba ndoo mbele za watu! Huko Haiti hawana wanawake? Bi Kadija alichukua ndoo yetu akashuka mtoni yeye, na umri wake ule. Ana kiburi sana.

Jumanne, 14 Aprili

Imeamuliwa. Nyamianda.

Mtaalamu alituita birona, ofisini kwake, mimi na Kasongo, uso wake bado wa kijani kidogo. Alisema ametembea nchi nyingi na hajaona mtaa kama Songo. Alisema hesabu yake ya mali kwa vichwa haikumsaidia, maana aliona kwetu kitu ambacho haijui kukihesabu, na ataandika New York kwamba Songo ni mfano. Watu wanaopendana namna hii, alisema, wana nguvu ya kujiletea maji wenyewe. Kasongo alilia kwa furaha. Baiskeli ni nyekundu.

Nilimwambia Ezechiel amtafsirie kwamba kupendana hakuchoti maji. Ezechiel akasema hilo anakubaliana nalo, akatafsiri kwa moyo. Mtaalamu akaniangalia sana. Akaniuliza, kwa kunitazama machoni, je, mimi huwa nachota? Ezechiel akatafsiri pia hilo. Nikasema mgongo unanisumbua tangu enzi za pamba. Ezechiel aliniangalia, nikamwomba kwa macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafsiri na kunyamaza. Lakini alionekana kuumia.

Nimemwambia Aziza. Hakukasirika. Hilo ndilo linalonisumbua. Amesema sawa, akachukua ndoo.

Alhamisi, 23 Aprili

Idi ya kuchinja imepita na hatuna cha kuchinja. Mbuzi wetu tuliulisha Umoja wa Mataifa.

Na mambo yameharibika huko bondeni. Waasi wameinuka, kuna mapigano, watu wanasema vijiji vinaungua. Njia ya kaskazini imefungwa. Mtaalamu aliondoka na gari lake kwenda Bujumbura, hakuaga mtu. Mabomba ya robine yalikuwa yameshafika, yamelazwa kando ya njia Nyamianda, marefu, mapya, yanang'aa. Hakuna wa kuyafukia. Kasongo anapita juu na chini kwa baiskeli akiyalinda.

Nimefikiria usiku kucha jinsi ya kuyaviringisha mpaka Songo. Ni ya kupanda mlima. Nitahitaji vichwa.

Tangu mjomba arudi na watu wake, kutoka Lubarika hakuna habari.

Jumatatu, 18 Mei

Mji umekwisha kubadilika mikono. Tangu Ijumaa waasi ndio wenye Uvira. Askari walikimbia, wakubwa walikimbia, maduka yamevunjwa. Wapiganaji wana majani kichwani na mikuki, wachache wana bunduki. Komanda wao mmoja amekaa Nyamianda. Nilivaa shati lililochanika, nikamwendea kama raia mnyonge, nikamweleza kwamba mabomba yale yaliibwa na matajiri wa nyumba nyeupe, ilhali kwa haki ni ya Songo. Nikamweleza hesabu ya vichwa. Alisikiliza vizuri, akaniita ndugu, akaniambia mapinduzi yameshayapatia kazi. Akanionyesha nyuma ya nyumba. Vijana walikuwa wamekaa chini na misumeno, wanayakatakata mabomba kutengeneza mitutu ya bunduki.

Kasongo alikuwa amesimama pale pale. Baiskeli walishaichukua. Tuliangaliana, binamu wawili. Nakiri kwamba nilipata faraja kidogo, kwa sababu yeye pia amekosa.

Nimerudi nyumbani nikakuta uani wamejaa watu. Mjomba Kashindi! Wamefika kwa miguu, wamepita vichakani kwa siku kadhaa. Lubarika imeungua. Wamo wake zake, mabinti, watoto wa mgongoni, ila wengine niliowaona siku ile hawamo, na sikuthubutu kuuliza. Hawana gunia, hawana kuku, hawana hata sufuria. Mjomba alinipa mkono, kisha akautazama ule mkono, akaanza kulia. Aliniomba msamaha kwa kuja mikono mitupu. Nimemkumbatia, na mimi nimelia. Bi Kadija ameshapita mtaani kukusanya vyakula, lakini safari hii majirani nao wana vichache.

Jumatano, 20 Mei

Nimekaa na huzuni siku mbili. Leo asubuhi, nikiwa nagawanya muhogo, nimeliona jambo ambalo halina mfano.

Hesabu imetimia!

Vichwa ni vingi kuliko siku ile, maana mama mkwe amechukua na wakimbizi wengine. Mali ni hakuna. Nimegawanya mara mbili kuhakikisha. Kila kichwa kinapata sifuri na kipande cha muhogo. Hii ndiyo nyumba masikini kuliko zote za Uvira, bila kuficha hata kijiko, bila kumtia Ezechiel majaribuni. Na mtaalamu hayupo! Ingekuwa mwezi mmoja tu baadaye! Angekuja leo angetupa robine kumi!

Lakini sijakata tamaa. Muongo haujaisha, miaka bado ipo. Naandika barua moja kwa moja kwa wakubwa wake New York. Nimeomba wino kwa Bwana Sévère. Naeleza vichwa, muhogo, moto wa Lubarika. Nimependekeza jina la prezida wa Komite na nimesema baiskeli si lazima iwe nyekundu. Barua itapitaje wakati njia zimefungwa, hilo nitalipanga kesho. Kuna mvuvi anayevuka kwenda Burundi, nadhani nikimwambia kwamba Umoja wa Mataifa unagawa nyavu atakubali.

Kelele tu ndizo zinanisumbua. Watu wote hawa wanataka maji ya kunywa, ya kupika, ya kuoshea watoto, na wanawake wa mjomba miguu yao ina vidonda, hawawezi mteremko. Aziza ameshashuka mtoni mara tatu tangu alfajiri. Sasa amesimama hapa mlangoni, ndoo kichwani, tumbo mbele, anapumua kwa nguvu, ananiita nimtue. Nimemwomba asimame hapo hapo kidogo asinipotezee maneno, kwa sababu nimefika mahali muhimu kabisa pa barua, pale ninapoeleza taabu ya wanawake wa Songo.